Kuendesha Subaru WRX kwa ufundi na usalama: jifunze kuisimamisha kwanza, kuikimbiza baadae (mwongozo kamili)

Gari ninayoizungumzia hapa ni Subaru Impreza WRX, hasa zile za kuanzia 2000 mpaka 2007 ambazo unazikuta sana Dar, Arusha na Nairobi, ila mwenye Mitsubishi Evo au Forester ya tabo (turbo, feni inayosukumia injini hewa zaidi) asiondoke maana mambo mengi ni yaleyale. Hii gari huku kwetu ina heshima yake. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns nae akashinda nayo 2000, kwahiyo kijana akishika tu ufunguo wa WRX tayari kichwani kwake yuko kwenye rally anarusha vumbi. Sasa wale jamaa walikuwa na mtu pembeni anawasomea kila kona kabla haijafika, na juu kuna helikopta inaangalia kama mbele kuna ng'ombe. Wewe barabara ya Chalinze huna mtu wa kukusomea, una bodaboda haina taa, una lori limezima kwenye kona na una watoto wanatoka shule.

Siku nimeleta yangu nyumbani mjomba wangu alikuja kuiona, mzee ameendesha malori ya Tunduma zaidi ya miaka ishirini. Nikamsalimia, "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, hongera." Akaizunguka, akainama akaangalia tairi moja moja, akaniuliza swali moja tu: "Inasimamaje hii?" Mimi nilikuwa nimejiandaa kumwambia inavyokimbia. Nikakosa jibu kwakweli, kwasababu nilikuwa nimeshaipeleka 160 lakini sijawahi hata siku moja kukanyaga breki mpaka mwisho. Huu mwongozo wote unatoka kwenye lile swali.

HATUA YA 1: Tairi, kabla ya kitu chochote

Gari yote, injini yote, pesa yote uliyotoa imeshika lami kwa sehemu nne tu, kila moja inakaribia ukubwa wa kiganja chako. Mtu anaweka egizosi ya milioni alafu chini ana tairi za mtumba zenye miaka tisa.

Angalia ubavuni mwa tairi utaona herufi DOT na mwisho wake namba nne, mfano 2319, maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi iliyopita miaka sita, hata kama meno yapo, mpira unakuwa mgumu na mvua ikinyesha haishiki. Meno yakifika milimita 1.6 hiyo ni kipara tayari, mimi sisubiri huko, nikiona zimekaribia milimita 3 nabadilisha, hasa kabla ya masika. Kuna pia herufi ya spidi baada ya saizi, H ni mwisho 210, V ni 240, W ni 270, usiweke tairi ya chini ya ile gari iliyotoka nayo.

Kwenye gari inayosukuma tairi zote nne kama hii, tairi zote ziwe saizi moja, aina moja na ziwe zimeisha sawasawa. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma, mzunguko unatofautiana, difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, inafanya kazi muda wote, inachemka, mwisho inakufa na bei yake utajuta. Upepo jaza asubuhi tairi zikiwa za baridi, kipimo kipo kwenye stika ya mlangoni upande wa dereva, usimwachie mtu wa pancha akujazie anavyojisikia, maana wengi wanajaza 40 gari zote.

HATUA YA 2: Breki, shokapu na oili

Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani, na maji yakishaingia yanachemka mapema, ndo hapo unateremka mlima Kitonga kule Iringa unakanyaga breki pedali inakwenda chini kama sponji. Badilisha kila miaka miwili, weka mafuta ya breki yaliyoandikwa DOT 4, ni hela ndogo sana ukilinganisha na kinachoweza kutokea. Pedi nunua za kueleweka, za bei ya kutupa zinaanza kunuka kwenye mteremko wa kwanza. Shokapu zikivuja tairi inadundadunda, na tairi iliyo hewani haina breki wala kona.

Injini ya boksa kama hii ya Subaru, ambayo pistoni zake zimelala ubavu, ikiwa na tabo inakula oili kidogo kidogo hata ikiwa nzima. Chomoa stiki upime kila ukijaza tanki mara mbili, gari ikiwa imesimama sehemu tambarare. Injini nyingi za hizi gari zinazogonga beringi zilikimbizwa oili ikiwa chini, mwenye gari anasubiri taa nyekundu iwake, na taa ikiwaka mara nyingi umeshachelewa. Taiming belti ni kilometa 100,000, na kama gari umenunua mkononi hujui historia yake badilisha tu. Petroli weka yenye okteni ya juu kabisa unayoweza kupata, hizi gari za Japan zilipangwa kwa mafuta ya juu.

Na tafadhali, usimruhusu fundi akupandishie presha ya tabo kwa kubadilisha vipaipu bila kompyuta ya gari kurekebishwa iendane nayo. Hewa inaongezeka petroli haiongezeki, pistoni inapasuka. Mimi nilipita huko, gereji moja iliniahidi nguvu za bure, wiki tatu baadae nikawa natafuta injini nyingine.

HATUA YA 3: Kaa vizuri

Wengi wanalala kwenye siti, mkono mmoja juu ya stelingi, hiyo sio sehemu ya kuendeshea gari kama hii. Kanyaga klachi mpaka mwisho, goti libaki limekunja kidogo. Mgongo na mabega yaguse siti, nyoosha mkono uweke juu kabisa ya stelingi, kifundo cha mkono kikalie pale bila bega kuachia siti. Sasa shika saa tatu na saa tisa. Ukikaa hivi gari inakwambia kinachotokea chini kupitia makalio na mgongo, na ikianza kuteleza utaisikia kabla hujaiona. Ndala vua, vaa kiatu cha soli nyembamba. Mkanda kila mtu, mpaka wa nyuma, kwasababu abiria wa nyuma asiyefunga anamwua wa mbele.

HATUA YA 4: Jifunze breki, hapa ndo penye kazi

Tafuta sehemu pana isiyo na watu, lami nzuri, asubuhi na mapema, na hakikisha nyuma hakuna gari. Anza na spidi 40. Kanyaga breki kwa nguvu zako zote na klachi kwa pamoja, usiachie mpaka gari isimame. Mara ya kwanza utashtuka, pedali itatetemeka na kutoa mlio wa kukwaruza chini ya mguu, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge, inafanya kazi, watu wengi wakisikia ule mtetemo wanaachia mguu wakidhani wameharibu kitu na hapo ndo wanagonga. Rudia mara tano. Nenda 60, rudia, alafu uipumzishe gari, zungukazunguka taratibu breki zipoe.

Baada ya hapo weka chupa tupu mbele yako, njoo na 50, kanyaga breki yote na wakati huohuo ikwepe chupa. ABS kazi yake kubwa ndo hiyo, tairi hazijifungi kwahiyo stelingi inaendelea kukusikiliza. Na macho yako yaangalie pale unapotaka kwenda, USIIANGALIE CHUPA. Mkono unafuata jicho, ukiikodolea macho nguzo utaigonga nguzo, nimewaona watu wana uwanja mzima wa kukwepa na wameigonga chupa moja iliyoko katikati.

Sasa hesabu, na hii naomba uisome polepole. Ukiwa na 100 kila sekunde gari inakwenda karibu mita 28. Tuseme unachukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga, alafu breki yenyewe kwenye lami kavu na tairi nzima inakula kama mita 49, jumla 77. Ukiwa na 140 ile sekunde ya kushtuka peke yake ni mita 39, breki mita 96, jumla 135. Kwahiyo pale pale ambapo mwenzako wa 100 ameshasimama kabisa, wewe wa 140 bado unapita na karibu 109. Sio kwamba utamgusa mtu kidogo, utapita nae. Mvua ikinyesha yule wa 100 nae anahitaji zaidi ya mita mia.

Na kitu ambacho wenye Subaru hatupendi kusikia: kusukuma kwa tairi nne kunakusaidia kuondoka, HAKUKUSAIDII KUSIMAMA. Kila gari ina breki za tairi nne, hata Vitz. Kwenye matope WRX inaondoka kama hakuna kilichotokea, dereva anaamini barabara inashika, akifika kwenye kona anagundua kwamba tairi zake zilikuwa zinamdanganya muda wote.

HATUA YA 5: Kona

Gari ina uzito na uzito unahama. Ukikanyaga breki uzito unakwenda mbele, tairi za mbele zinabana lami na za nyuma zinakuwa nyepesi, ukikanyaga mafuta kinyume chake. Ufundi wote wa kona ni kuuhamisha huo uzito taratibu bila kuustua. Fikiria umebeba sufuria ya mchuzi kwenye siti ya pembeni, haina mfuniko.

Mpangilio ni huu: maliza breki kubwa ukiwa bado umenyooka. Shusha gia hukohuko kabla hujaingia, ya pili au ya tatu. Achia breki polepole wakati unaanza kukata stelingi, usiitoe mguu kama umeungua. Macho tayari yako mwisho wa kona, sio kwenye boneti. Subiri, na hii subira ndo ngumu, subiri mpaka uone kona inafunguka, alafu ndo uanze kukanyaga mafuta, na kadri unavyonyoosha stelingi ndo unaongeza mafuta. Ukiingia taratibu utatoka haraka, ukiingia haraka utatoka barabarani.

Usikate mapema. Anayekata mapema anajikuta mwisho wa kona gari inamvuta kwenda nje, na nje kwenye kona ya kushoto ni upande wa lori linalokuja. Chelewa kidogo kukata, ndani ya njia yako tu, usiibe upande wa pili hata kama kona unaiona nyeupe. Kwenye kona ambayo huoni mwisho wake nenda na spidi ambayo unaweza kusimama ndani ya umbali unaouona. Kitonga, zile kona za Lushoto, kote ni hivyohivyo.

Tabo nayo ina tabia yake. Kwenye hizi za zamani inaamka karibu na 3,000 kwenye mita ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), kabla ya hapo gari imelala, baada ya hapo inasukuma ghafla. Ukikanyaga mafuta mengi katikati ya kona ukiwa na 2,500 utaona hakuna kitu, unaongeza mguu, alafu nguvu inakuja yote kwa mkupuo wakati stelingi bado imekatwa. Kwahiyo chagua gia itakayokuweka juu ya 3,000 tangu mwanzo, na mguu uwe mwepesi.

HATUA YA 6: Ikianza kuteleza

Ugonjwa mkubwa wa WRX ni pua kukataa, umekata stelingi lakini gari inaendelea kwenda moja kwa moja. Kila mtu mwili wake unamwambia akate zaidi. Usikate zaidi! Tairi za mbele zimeshachoka, ukizidisha unazichosha tena na zikija kushika zitakurusha upande. Punguza mafuta taratibu, legeza stelingi kidogo, subiri pua ishike, inashika.

Ugonjwa wa pili ni mkia kutoka, na mara nyingi dereva ameusababisha mwenyewe, aliingia kona kwa kasi akaogopa katikati akaachia mafuta ghafla au akagusa breki, uzito wote ukakimbilia mbele na nyuma ikawa nyepesi. Hapa macho yaende unapotaka kwenda, stelingi ifuate macho kuelekea kule mkia unakokwenda, haraka lakini usizidishe, na mara gari ikianza kurudi anza kunyoosha usije ukapigwa na mkia wa upande wa pili. Breki usiguse. Ikishazunguka kabisa na huna tena uwezo, klachi chini, breki chini mpaka mwisho, shikilia.

Haya hutayajua kwa kusoma, na barabara kuu sio darasa. Kama uko Kenya kuna Whistling Morans kule Athi River wanafanya mashindano ya magari, Tanzania klabu za rally zipo, ulizia siku za mazoezi. Ukikosa vyote, uwanja wa vumbi wenye ruhusa ya mwenyewe na spidi 30 unafundisha kila kitu nilichoandika hapa, maana kwenye vumbi gari inateleza mapema na taratibu, una muda wa kuelewa.

HATUA YA 7: Kuovateki

Gari ya nguvu inaua zaidi hapa, kwasababu inakupa imani. Lori lenye trela lina kama mita 18, weka na nafasi ya mbele na nyuma unahitaji kumpita kwa mita kama 80. Yeye yuko 80 wewe 120, hiyo inachukua zaidi ya sekunde 7, ndani yake wewe umekwenda kama mita 240 na anayekuja mbele na 100 amekwenda kama 200. Kwahiyo unahitaji mita 440 nyeupe, na hapo sijaweka akiba.

Rudi nyuma ya lori usimbane, ukimbana huoni kitu. Shusha gia ya tatu UKIWA BADO KWENYE NJIA YAKO, tabo iamke, angalia kioo maana na wewe kuna mtu anakutafuta nyuma, washa indiketa, toka, pita, rudi. Dereva wa lori akikuwashia indiketa ya kushoto kukuruhusu, mshukuru lakini angalia kwa macho yako, yeye haoni bodaboda iliyoko njia panda. Na ukiwa na mashaka kidogo tu rudi nyuma, breki zako ulishazifanyia mazoezi.

HATUA YA 8: Barabara zetu zenyewe

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko mvua ya wiki ya pili, oili na vumbi vinachanganyika lami inakuwa sabuni. Maji yakituama tairi pana za WRX zinaelea mapema kuliko tairi nyembamba, stelingi inakuwa nyepesi ghafla mkononi, hapo achia mafuta taratibu na nyooka tu. Ukiona matawi ya miti yametupwa barabarani, mbele kuna gari imeharibika, punguza muda huohuo. Kwenye makazi ni 50 na tochi za trafiki za kupimia spidi ziko nyingi, lakini hata tochi isingekuwepo 50 ni mita 26 za kusimama na mtoto anatoka nyuma ya daladala mita 10 mbele yako, kwahiyo palipo na daladala limesimama mimi nashuka hata chini ya hapo. Mikumi ndani ya hifadhi tembea kwa vibao vyao, nyati hakwepi. Usiku mimi sivuki 80 nje ya mji hata barabara iwe mpya, taa za hizi gari zinakuonyesha karibu kuliko unavyodhani. Matuta pita taratibu, gari imeshuka chini, sampo (bakuli la oili la injini) iko chini.

Pombe sina la kuongeza, ukinywa mpe mtu ufunguo. Simu weka kwenye droo.

HATUA YA 9: Ukishafika

Kilometa mbili tatu za mwisho tembea taratibu bila kuamsha tabo, ikifika nyumbani iache inguruma dakika moja ndo uzime, oili iliyoko kwenye tabo isiungulie mle. Shuka uizunguke, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, rimu moja ikiwa ya moto kuliko zenzake breki ya tairi hiyo imebana na kesho ipeleke kwa fundi. Pitisha macho kwenye tairi kutafuta msumari. Asubuhi ikiwa ya baridi chomoa stiki, futa, rudisha, chomoa tena, usome.

Mjomba bado ana tabia ya kuinama kuangalia tairi zangu kila akija. Mwezi uliopita nilimpeleka Morogoro, alikaa kimya mpaka Mlandizi, alafu akafungua pakiti ya korosho.